Niliposhuka Ziwani Kutafuta Dagaa wa Mzazi

Binti yangu Skolastika alijifungua mtoto wa kike huko Kibondo, Agosti ya mwaka 2014, na siku ya tatu mama mkwe wake akanipigia simu. Nilikuwa mezani kwangu sokoni Kasulu, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, meza yenyewe nusu tupu.

"Bamwana," akaniambia. Ndivyo tunavyoitana huku kwetu, wazazi wa mume na wazazi wa mke. "Jumamosi tunakungoja uje kuhemba. Watu wote wa huku nimeshawaambia kwamba unaleta wale dagaa wako wadogo. Usiniangushe."

Kuhemba ni kumtembelea mzazi na kumpelekea chakula cha kumrudishia nguvu. Wengine hupeleka unga wa uwele, wengine maharage, wengine ndizi. Kwenye nyumba ya bamwana kikapu hufunguliwa mbele ya wageni, sahani kwa sahani, na kila mmoja huona mama wa mzazi amekuja na nini. Siku hiyo binti yako hupandishwa au hushushwa machoni pa watu, na hukaa hapo muda mrefu. Skolastika alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu. Sikuwa tayari ashushwe kwa ajili ya kikapu changu.

Shida ni kwamba dagaa wadogo sikuwa nao. Shida ya pili, ambayo sikumwambia mtu, ni kwamba habari yote ya dagaa wa mzazi niliizua mimi.

Zamani, kabla watoto wetu hawajajuana, huyu bamwana alikuwa mteja tu. Alikuja Kasulu kununua vitu, akapita mezani kwangu, akachota dagaa kwa vidole viwili, wale wembamba kuliko njiti ya kiberiti, akaniuliza, "Hawa wakikua wanakuwaje?" Nami kwa mdomo wangu huu usiojua kupumzika nikamjibu, "Hawa hawakui, mama. Ni aina yao. Umewahi kuona dagaa mwenye mayai? Wanatoka na povu la ziwa. Na mchuzi wao unashusha maziwa ya mzazi, hakuna dawa inayofika hapo." Hakuna aliyenifundisha maneno hayo. Yalinijia tu, na kwa kuwa aliondoka na debe zima, nikayarudia kwa mteja wa pili na wa tatu. Baada ya miaka kadhaa nilikuwa nayaamini mwenyewe. Hata ziwani niliagiza wasiniletee wakubwa, maana huku milimani hawana soko. Nilimpelekea Zuena, anayenikaushia dagaa, kibunda cha uzi mwekundu afungie magunia ya wadogo ili yasichanganywe njiani na ya watu wengine.

Sasa ilikuwa miezi miwili magunia ya uzi mwekundu hayajapanda. Kila nikipiga simu Zuena ananijibu, "Hakuna, Mama Skola," kisha ananiuliza habari za nyumbani. Nilijua tu kwamba amepata mteja mwingine. Mimi nikiwa na jambo kichwani siwezi kulikalia, hata uji hunishinda kumaliza. Nikamwachia jirani meza, nikachukua kikapu kipya cha ukindu chenye kifuniko, nikasema nitashuka mwenyewe.

Jumatano asubuhi, Kasulu. Basi la Kigoma lilikuwa liondoke saa kumi na mbili, likaondoka saa moja na nusu, na muda wote huo nilikuwa nashuka na kupanda kama mtu aliyesahau kitu. Tulipotoka mjini vumbi jekundu likatufuata. Kila kituo nilisimama kuchungulia mbele. Konda akachoka na mimi.

"Mama, kaa. Gari haliendi kwa kusukumwa na magoti."

Watu wakacheka. Nikakaa, lakini sikutulia. Kidahwe tukakanyaga lami, basi likaacha kulia, na muda si mrefu ziwa likajitokeza kule chini, upande mmoja wa dunia wote maji. Wengi huwa wananyamaza wakiliona. Mimi nilikuwa nahesabu: leo kufika, kesho kurudi Kasulu, Ijumaa Kibondo. Hapakuwa na siku ya kupoteza.

Saa saba mchana, Kibirizi, ufukwe wa maboti pale Kigoma. Nilipanda boti ya abiria inayokwenda vijiji vya kaskazini. Kijiji chenyewe sitakitaja, wenyewe wakisoma watajijua. Nahodha alitazama kikapu changu, akanitazama usoni.

"Mama wa milimani, unakwenda kuchukua dagaa?"

"Ndiyo."

"Mbalamwezi hii? Wavuvi wamelala makwao. Dagaa anafuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa hivi haioni taa yako. Ungekuja baada ya wiki."

Miaka yote hiyo ya kuuza dagaa, na sikuwahi kuuliza wanavuliwa siku gani. Kwangu mimi dagaa walitoka kwenye basi. Nilijibu kwa ukali kwamba najua ninachofanya, nikageukia maji ili asione kwamba sijui.

Saa tisa, ufukweni kwa Zuena. Nilikuwa nimefika pale mara moja tu, nikiwa bado na nguvu za kubeba gunia mgongoni, na nilikumbuka mchanga wote ukiwa umefunikwa dagaa, unang'aa mpaka unafumba macho, na wanawake wamekaa pembeni wanasukana nywele. Safari hii mchanga ulikuwa wazi. Kulikuwa na viraka vichache vya dagaa vilivyotandazwa juu ya nyavu, na kando ya kila kiraka mwanamke amesimama na fimbo ndefu. Juu yao shakwe walikuwa wanazunguka na kulia. Mmoja akishuka, fimbo inapanda, mwingine anachota upande wa pili.

Zuena aliniona, akampa mwenzake fimbo, akaja na mikono miwili mbele. Ni mrefu, mkubwa wangu kidogo, na sauti yake haipandi hata akikasirika.

"Karibu, Mama Skola! Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema ungenijibu hakuna."

"Ningekujibu hivyo, kwa sababu hakuna."

Tuliketi kwenye mkeka mlangoni kwake. Nikamweleza yote, binti, mtoto, Jumamosi, kikapu. Akafurahi kwa ajili ya mtoto, akanishika mkono. Kisha akasema wadogo hana, na kwamba hata angekuwa nao asingenipa.

"Asingenipa!" nikasema, kana kwamba namwambia mtu wa tatu. "Umempatia mwenzangu sokoni, sema tu."

"Sijampa mtu. Kula kwanza."

Alileta ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwani kwao, wa kuchemsha. Mgebuka huyo alikuwa na kichwa kikubwa na mwili mwembamba, nyama imeshikana na mfupa. Nikauliza kama ameugua.

"Hajaugua. Ana njaa," Zuena akasema. "Wanatufikia hivyo siku hizi. Nikiwapasua, tumboni maji matupu. Mgebuka ni mla dagaa, Mama Skola. Ukimpunguzia dagaa unampunguzia ugali."

"Na wale ndege?"

"Hao hao. Zamani baba yangu alikuwa akitoka asubuhi anatazama shakwe. Wakishuka mahali pamoja kwa wingi, anajua mgebuka wako chini wanawapandisha dagaa juu, anapiga kasia kwenda huko. Ndege walikuwa wanatuonyesha dagaa walipo. Sasa wao wanatutazama sisi, tumeanika wapi." Akachukua mwiba kutoka mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Na pale kwenye ukuta wa udongo, karibu na kijito, wadiria walikuwa wametoboa mashimo ya kutagia. Mwaka huu shimo lenye ndege ni moja."

Nilimsikia, lakini nilikuwa namsikia kama mtu anayengoja zamu yake ya kusema. Ndege wa Zuena hawakuwa wakinihusu. Mimi nilikuwa na Jumamosi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akanitandikia kitanda, hakusema zaidi. Hilo likaniudhi kuliko kugombana.

Alhamisi, jua linachomoza. Nilitoka kabla Zuena hajamaliza kuswali. Nilikuwa nimesikia kwamba nyuma ya mawe, kwenye ghuba ndogo, kuna mwanamume anayevuta kokoro, yaani wavu mrefu unaozungushwa karibu na ufuko kisha ukakokotwa kwa kamba mpaka mchangani. Kokoro halingoji giza wala taa. Nilimkuta na wenzake wawili, amevaa kofia ya sufu, anakunja kamba.

"Nataka wadogo," nikamwambia. "Kikapu hiki kijae, na niwahi boti."

"Wadogo kabisa?"

"Wale wembamba."

Akatabasamu. Wakazungusha wavu kwa mtumbwi, wakarudisha ncha, na kwa kuwa nilikuwa siwezi kusimama bure nikashika kamba nami nikavuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Maji yalikuwa yananifika magotini na gauni limelowa. Nasema hili ili nisijifiche nyuma ya mtu. Kamba ile niliishika kwa mikono yangu.

Wavu ulipofika mchangani ulikuwa unachemka. Ndani kulikuwa na dagaa wangu, wale wale, wengine wembamba hata kuliko niliowazoea, wanapenyeza mwanga. Lakini walikuwa na wenzao. Mwenye kofia alianza kuchambua kwa mkono mmoja, haraka, huku anataja bila kunitazama.

"Mtoto wa dagaa. Mtoto wa lumbu. Mtoto wa lumbu. Huyu mtoto wa mgebuka, angalia mdomo. Mtoto wa dagaa."

"Kwa nini unawaita watoto?" nikauliza. "Hawa si ni aina yao? Si hawakui?"

Akasimamisha mkono. Akawatazama wenzake, wote watatu wakacheka, si kwa ubaya, kama unavyocheka mtu aliyeuliza kama mahindi yanachimbwa.

"Wakiachwa watakua, mama. Dagaa anafika urefu wa kidole, na lumbu, ndugu yake, anampita. Hapa penye kina kifupi ndipo wanapolelewa." Kisha akakitazama kikapu changu, akaitazama lafudhi yangu kama mtu anayeweza kuiona. "Wewe unatoka Kasulu? Si wewe mwenye uzi mwekundu?"

Nikasema ndiye mimi.

"Aa! Basi karibu kazini kwako. Wavu huu una jina lako. Huku tunauita Kasulu. Mtu akisema kesho tunatupa Kasulu, tunajua ni huu, wa wadogo."

Alisema kwa kunipamba. Alidhani nitafurahi. Nikakosa mahali pa kuuweka uso wangu. Maneno niliyoyazua juu ya ndoo sokoni, ya povu na ya maziwa, yalikuwa yameshuka mlima bila mimi, yakafika hapa, yakawa wavu.

Juu yetu mdiria mmoja, mweusi na mweupe, alikuwa amesimama hewani anapiga mabawa mahali pamoja, kichwa kimeinama. Akajitupa majini, akatoka mdomo mtupu. Akapanda tena, akasimama, akajitupa tena. Mara ya tatu akakata tamaa, akaenda upande wa mbali. Nilimwangalia mpaka nikasahau kwamba nina haraka.

Kikapu kilikuwa kimejaa Zuena alipotokea kati ya mawe, na fimbo yake mkononi.

"Nilijua nitakukuta huku," akasema.

"Wameshakufa, dada," nikamwambia. "Nikiwaacha hapa watafaa nini?"

"Hawatafaa kitu. Wachukue ukitaka." Akachora mchanga kwa fimbo. "Sisi wanawake wa kuanika tulikubaliana tusipokee wadogo mpaka mvua zije, tuone kama ziwa litarudi. Huyu kaka hapa alikuwa amepumzisha wavu wake wiki nzima, kwa sababu hakuna tena anayenunua. Leo ukiondoka na kikapu, kesho atautupa tena, na keshokutwa, maana Kasulu wamerudi."

Mwenye kofia akaangalia pembeni.

Sitajisifu. Nilikaa juu ya jiwe nikiwa na kikapu magotini, na kwa muda mrefu nilikuwa bado naazimia kwenda nacho. Niliona uso wa bamwana, na wa Skolastika nyuma yake. Nilijiambia hiki ni kimoja tu, cha mwisho, cha mjukuu. Kisha nikafikiria huyo mjukuu akipewa sifa kwa kikapu cha wachanga wenzake. Nikainuka, nikakimwaga pale kwenye maji mafupi. Mwenye kofia akasonya, nami namwelewa, alikuwa amefanya kazi.

Kabla hatujafika kwenye mawe, shakwe walikuwa wameshuka wote. Sikujua kama wako wengi hivyo. Walikula wanagombana, wengine wanakula wametumbukiza kichwa chote, na pale ufukweni kwa Zuena kwa mara ya kwanza wanawake wakaweka fimbo chini.

Zuena alinipa dagaa wakubwa kutoka akiba ya jikoni kwake, waliovuliwa mbali kabla mwezi haujawa mkubwa. Hawakujaa kikapu. Akakifunga kwa uzi ule ule mwekundu, maana mwingine hakuwa nao.

Ijumaa, njia ya Kibondo. Basi lilipita Makere, likavuka Malagarasi, likapanda kuelekea Busunzu, na mimi kikapu nimekikumbatia kama kinataka kushuka njiani. Nilikuwa natunga. Nitasema wadogo wamezuiwa na serikali. Nitasema mvua imewakuza ghafla. Nitasema kikapu kiliibwa Kigoma na hiki ni cha kukopa. Kila uongo nilioushika ulinikumbusha wa kwanza. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia nakwenda kuhemba. Akanipa hongera, nikazidi kuumwa.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa bamwana. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni na barazani, majirani, wanakwaya, na wajomba waliokuja kwa baiskeli. Tukasalimiana kwa Kiha, "Mwakeye!" "Mwakeye neza!" Skolastika alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto kifuani, amefungwa kanga mpya. Alinitazama, akatazama kikapu, akatabasamu kwa uchovu. Bamwana alikuwa amevaa vizuri na ana furaha ya mwenye shughuli.

"Sasa mtaona dagaa," akawaambia wageni, akakata uzi mwekundu kwa meno.

Akafunua. Akainua mmoja kwa mkia, mrefu kama kidole chake cha kati.

"Bamwana. Hawa ndio nini?"

"Ni dagaa," nikasema.

"Na wadogo?"

Sebule yote ikageuka. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni. Nikamwona Skolastika ameinamisha kichwa, anajifanya anamfunika mtoto, anakwepa macho yangu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, nikimuumbua mbele ya watu. Miguu yangu ilitaka mlango.

"Wadogo ndio hawa kabla hawajakua," nikasema. "Nilikudanganya, bamwana. Sikujua, lakini nilikudanganya. Sikuwaleta kwa sababu ziwani wanaisha, na wanaisha kwa ajili yangu."

Mjomba mmoja akakohoa. Bamwana aliendelea kumshika yule dagaa, na kwa kuwa mikono yake haiwezi kushika chakula bila kukiandaa, akamkata kichwa kwa kucha, akampasua tumbo kwa kidole gumba kama anavyopasua kabla ya kupika. Akasimama. Akamsogeza mlangoni kwenye mwanga.

Tumboni, kandokando ya mfupa, kulikuwa na kitu cha manjano, kimekauka, kidogo kuliko punje ya mtama uliopondwa. Akakigusa kikavunjika kuwa chembechembe.

"Mayai," akasema.

Nikaenda kutazama. Nilikuwa nimegusa dagaa kuliko mtu yeyote mle ndani, magunia na magunia, na sikuwahi kuona. Wangu hawakuwahi kuishi kufika hapo.

Bamwana alinitazama sana. Nilingoja aseme mbele ya watu wote yale niliyostahili. Badala yake akamfunga yule dagaa kwenye ncha ya kanga yake, akaniambia polepole, "Ulinambia hawazai."

"Nilikuambia."

"Na mimi nikawaambia wote hawa." Akawageukia wageni, akavuta pumzi. "Haya, wapikeni hao wakubwa. Mzazi ana njaa."

Skolastika alikula sahani mbili. Mtoto alinyonya, akalala, maziwa yalikuwepo tangu mwanzo.

Jumatatu, Kasulu. Nilirudi mezani, nikaweka dagaa wakubwa wachache wa Zuena niliowaacha nilipopita Alhamisi usiku. Meza ya pili kutoka yangu kulikuwa na gunia la wadogo lililotoka sijui wapi, na wateja wangu wa siku zote wakasimama huko. Nilikaa kwenye ndoo, nikainuka, nikakaa. Nimejifunza kwamba ziwa halianzii Kibirizi. Linaanzia hapa, pale mtu anapochota kwa vidole viwili na kuuliza, na wewe unapomjibu.

Saa tano mama mmoja wa Muyama, mteja wangu tangu zamani, akaja na mfuko wake. Akainua dagaa mkubwa, akamgeuza, akaniuliza wadogo wako wapi. Nilimpasua mmoja mbele yake, wa pili, wa tatu, mpaka nikampata mwenye mayai, nikamwonyesha.

Aliyagusa kwa ncha ya kidole. "Kwa hiyo wale wote uliokuwa ukituuzia," akasema, "walikuwa watoto?"

Nikamwambia ndiyo.